Waimbaji wa Kinshasa na Ugonjwa wa Polio

Mjini Kinshasa, Kongo, palikuwa na kundi la muziki lililoitwa Staff Benda Bilili. Wengi wao walipooza miguu kwa polio wakiwa watoto. Walifanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya mji huo, wakitembelea baiskeli za magurudumu matatu. Kijana mmoja asiye mlemavu alipiga kati yao chombo cha waya mmoja alichokiunda kwa kopo. Mwaka 2009 walitoa albamu, na mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Jina lao la Kilingala linatutaka tutazame ng'ambo ya yale yanayoonekana.

Hawakuificha miguu yao. Jukwaani waliimba wakiwa vitini, na mmoja alishuka chini akacheza kwa nguvu za mikono. Waliolipa kiingilio walifuata muziki, si kutoa sadaka. Tena waligombana na kugawanyika mwaka 2013, kama bendi nyingine yoyote!

Wimbo wao mmoja, "Polio", unawahimiza wazazi wapeleke watoto kuchanjwa. Sisi wauguzi twasema hayo kila siku, lakini sauti yao ina uzito kuliko yetu.

Virusi vya polio huingia mdomoni kwa maji, chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi. Kati ya watu 200 walioambukizwa, karibu mmoja hupooza moja kwa moja. Wengi waliobaki hawaonyeshi dalili yoyote, au hupata homa tu, lakini choo chao hueneza virusi. Kwa hiyo mama asiseme, "Kwetu hakuna polio." Afrika ilitangazwa mwaka 2020 kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio, na mwaka 2022 vikatangazwa kuonekana Malawi. Matone hutolewa mtoto akizaliwa, kisha akitimiza wiki 6, 10 na 14.

Kwa aliyekwisha kupooza, matone hayarudishi mguu. Huyo mleteni mapema, kabla viungo havijapinda, apewe mazoezi, magongo au viatu vya chuma. Na kama anapenda kuimba, mpelekeni kwaya. Pale ambapo mlango una ngazi, fundi seremala aweza kutengeneza njia ya mbao ya kupandishia kiti kwa siku moja.