Baada ya Ganzi, Kuna Wiki za Vumbi

Katika vijiji kama vya Mtinko, Singida, kinachomrudisha mzee nyumbani kutoka kwenye foleni ya upasuaji wa macho mara nyingi ni habari moja: kwamba hatalazwa usingizi. Atapasuliwa mtoto wa jicho huku anasikia kila neno linalosemwa juu yake.

Ni kweli, atasikia. Ila hataona kisu kikija, na hatapata maumivu. Kwanza hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha hupigwa sindano ya ganzi kando ya jicho. Hiyo ndiyo inayouma, tena kwa muda mfupi. Daktari hupasua kijia kidogo pembeni, huitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya plastiki mahali pake. Kwa mkono uliozoea, kazi haifiki nusu saa. Harold Ridley aliipandikiza lenzi ya namna hiyo mara ya kwanza London mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki vya ndege za vita vimekaa machoni mwa marubani bila kuyadhuru.

Ushauri wa "ngoja likomae" ni wa enzi za kabla ya lenzi hizo, na ningependa uachwe kabisa. Mtoto wa jicho aliyekomaa kupita kiasi huwa mgumu kutoa na huweza kupandisha presha ya jicho. Na katika kungoja huko, kuna mjukuu anayekosa shule ili ashike ncha ya fimbo ya bibi yake.

Bandeji hufunguliwa kesho yake. Wapo wanaoona papo hapo. Wengine huona ukungu kwa siku kadhaa, na hao ndio wanaokata tamaa mapema. Jicho hutulia taratibu, kwa wiki nne hadi sita, ndipo hupimwa miwani ya kusomea. Matone ya dawa yaendelee mpaka mwisho wa siku zilizoandikwa, hata kama anaona vizuri.

Kwa Mtinko, wiki hizo ndizo ngumu: upepo wa kiangazi, moshi wa kuni, alizeti inayosubiri kupigwa na kupepetwa. Familia imwondolee mzee kazi hizo. Asibebe ndoo, asifikiche jicho. Likianza kuuma, kuwa jekundu au kupoteza nuru ghafla, asingoje tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo. Hospitali ya St. Carolus iko hapo hapo Mtinko, aanzie huko apewe rufaa ikibidi, maana maambukizi ya ndani huweza kuliua jicho kwa siku chache.