Maadili ya taifa: Maaskofu hawaishii kwenye ulevi na ushirikina

KATIKA makanisa mengi ya Mbeya na Iringa, mahubiri kuhusu kuporomoka kwa maadili hufuata njia inayojulikana. Mhubiri huanza na ulevi, hupitia uzinzi na ndoa zinazovunjika, hugusia mavazi ya vijana, kisha humalizia na waganga wanaoahidi utajiri wa haraka. Waumini huitikia amina na kurejea majumbani. Ni nadra bunduki ya polisi au mkataba wa Serikali kutajwa katika orodha hiyo ya dhambi.

Hata hivyo, nyaraka za maaskofu zimekuwa zikisema jambo pana zaidi. Kwa mtazamo wake, mtawala anayewaziba watu midomo na mwananchi anayemuua jirani yake ili atajirike wanaugua maradhi mamoja: wote wamesahau kwamba binadamu ana thamani aliyopewa na Mungu, wala si ya kuuzwa au kukanyagwa.

Hoja hiyo si ngeni Nyanda za Juu Kusini. Mei Mosi mwaka 1995, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, Mwalimu Julius Nyerere alihutubia wafanyakazi mjini Mbeya. Alikemea rushwa, ukabila na udini, akaeleza ni mtu wa namna gani anayestahili kuingia Ikulu. Ilikuwa hotuba ya kisiasa, lakini mzani alioutumia ulikuwa wa maadili. Miaka minne kabla yake, mwaka 1991, kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar kilikuwa kimelegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yaliyowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha.

Septemba 2, 2012, suala hilo lilipata sura ya mtu. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na Mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Mkoa wa Iringa, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa akiwa amezingirwa na askari. Chadema ilikuwa ikifungua tawi, na Polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko kwa sababu ya sensa. Alizikwa kwao Rungwe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Kwamba ni mmoja tu, ilhali picha zilionyesha kundi, ni jambo linalostahili kukumbukwa.

Katika mwaka huo wa 2012 ndipo Askofu Tarcisius Ngalalekumtwa wa Jimbo Katoliki la Iringa alipoanza kuliongoza Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC). Chini yake, ujumbe wa Kwaresima wa mwaka 2018 ulilalamikia kuzuiwa kwa shughuli za siasa na kufungiwa kwa vyombo vya habari. Mwezi uliofuata, maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa waraka wao wa Pasaka. Barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ikawataka Walutheri waufute waraka huo, lakini Juni 2018 waziri mwenyewe aliikana barua na kumsimamisha kazi ofisa husika.

Wanaowapinga maaskofu hurejea mlango wa 13 wa Waraka kwa Warumi, unaohimiza utii kwa mamlaka. Maandiko hayo ni ya kweli, lakini Biblia hiyo hiyo ina nabii Nathani aliyemwambia Mfalme Daudi uso kwa uso kwamba ametenda dhambi, na Eliya aliyemkabili Ahabu baada ya Nabothi kuuawa kwa ajili ya shamba lake la mizabibu. Manabii hao hawakutaka kiti cha mfalme. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitamka kuwa Kanisa lina haki ya kutoa hukumu ya kimaadili hata katika mambo ya siasa, pale haki za msingi za binadamu zinapohusika.

Ngalalekumtwa alimkabidhi uongozi wa TEC Gervas Nyaisonga, ambaye mwishoni mwa mwaka huo wa 2018 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Mbeya. Agosti 2023, siku chache baada ya Mahakama Kuu Mbeya kuitupa kesi ya kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, TEC ilitoa tamko la kuupinga, likasomwa makanisani.

Lakini Kanisa nalo lina deni. Mgogoro wa Dayosisi ya Konde ya KKKT, uliochochewa na suala la makao makuu kuhamishwa kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, uliishia kwa askofu kuondolewa mwaka 2022, waumini wakiwa wamegawanyika. Harambee za makanisa nazo huwapokea wanasiasa kwa shangwe bila kuuliza fedha zimetoka wapi. Na mwanzoni mwa mwaka 2019, watoto walipouawa Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina za kusaka utajiri, yalitokea katika eneo ambalo wamisionari walifika zaidi ya karne moja iliyopita.

Aprili 30, 2025, Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa TEC, alishambuliwa na kujeruhiwa Kurasini, Dar es Salaam. Siku mbili baadaye, mwanaharakati Mdude Nyagali alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwake jijini Mbeya. Polisi walisema hawakuwa wakimshikilia.