Subukia, bonde lililoachwa na reli

Je, msomaji, umewahi kusafiri kwa matatu kutoka Nyahururu kwenda Nakuru? Mara barabara huanza kuteremka, kona baada ya kona, masikio yakaziba, na bonde la Subukia likaonekana chini yako, mashamba matupu. Ukiwa umeandamana na mtoto wa shule, huenda akakuuliza: "Baba, stesheni ya hapa iko wapi?"

Mjibu kwamba Subukia haikupata stesheni. Hata hivyo, ilikuwa na majirani wawili waliobahatika: mmoja juu, mwingine chini.

Reli kuu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Katika miaka ya 1920, njia mpya ya kwenda Eldoret ilipitia Rongai, na kutoka hapo likachepuka tawi la kwenda Solai, magharibi mwa Subukia. Upande wa juu, tawi jingine lilitoka Gilgil, likapitia Ol Kalou na Ol Joro Orok, na mwaka 1929 likafika Thomson's Falls, mji tunaouita leo Nyahururu. Jina hilo la zamani lilitokana na Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883.

Kwa nini basi matawi hayo hayakuunganishwa kupitia Subukia? Tazama tu ule mteremko. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi mlimani, na kuizungusha njia ili kupunguza ukali wa mlima hugharimu fedha nyingi.

Usidhani reli hizo zilijengwa kwa ajili ya babu zetu. Zilifuata mashamba ya walowezi. Mahindi yao ya kuuzwa ng'ambo yalisafirishwa kwa nauli nafuu, ilhali Mwafrika aliyeyavuna alilipa kodi na kutembea na kipande shingoni. Lakini baada ya uhuru mwaka 1963, mashamba mengi ya Subukia yaligawiwa au kununuliwa na familia za Kiafrika. Chombo kilichowekwa kwa ajili ya wachache kingeweza sasa kuwafaa wengi.

Kwa bahati mbaya, wakati huo lori lilikwisha kuwa mshindani. Lori hufika hadi langoni mwa shamba. Treni hukungoja stesheni. Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, lilirithi matawi mengi yasiyojilipa. Moja baada ya jingine yakanyamaza.

Je, ndio mwisho? La hasha! Tawi la Nanyuki nalo lilinyamaza miaka mingi, lakini Desemba 2020 treni ya abiria ilirudi. Kwa hivyo reli iliyolala si lazima iwe imekufa.

Kinachokufa haraka zaidi ni kumbukumbu. Wazee waliobeba magunia stesheni wanatuaga mmoja mmoja, na hakuna lori litakalowarudisha. Nawe mwanafunzi, likizo ijayo ukienda mashambani, chukua daftari. Muulize nyanya yako alipanda treni wapi, alilipa nini, na alibeba nini. Andika jina la stesheni na mwaka. Ukingoja hadi kesho, huenda ukabaki na jengo tupu lisiloweza kukujibu.