Mtafiti wa Saratani ya Damu Apimwe kwa Lipi?

Mtafiti akiomba kazi, cheo au fedha za utafiti, wanaompima huanza na hesabu mbili: amechapisha makala ngapi, na makala hizo zimerejelewa mara ngapi na wenzake. Chimbuko la hesabu ya pili ni Mmarekani Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 alipendekeza katika jarida la Science itengenezwe faharasa ya kuonyesha makala ipi imetajwa na zipi. Katika miaka ya 1960 kampuni yake ya Philadelphia ikaanza kuichapisha.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha h. Chukua mtafiti mwenye makala tano zilizorejelewa mara 300, 40, 6, 4 na 2. Kipimo chake ni 4, kwa kuwa ana makala nne ambazo kila moja imerejelewa angalau mara nne. Hata ile ya mara 300 ingerejelewa mara tano tu, angebaki na 4 yake. Kazi moja kubwa haimpandishi.

Udhaifu huo unaonekana wazi katika historia ya lukemia, yaani saratani ya damu. Huko huko Philadelphia, Peter Nowell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikuwa akikuza seli za wagonjwa. Alipozisuuza kwa maji ya bomba, zikavimba, na kromosomu zake zikatawanyika na kuonekana vizuri kwa hadubini. Akishirikiana na David Hungerford, aligundua kwamba wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi wana kromosomu moja fupi kupita kawaida. Taarifa yao ya mwaka 1960 katika Science haikujaza hata ukurasa mmoja, na ilihusu wagonjwa saba. Kromosomu hiyo ikapewa jina la mji: Philadelphia.

Je, kipande kilichopungua kilikwenda wapi? Jibu lilitoka Chicago kwa Dkt. Janet Rowley, mama wa watoto wanne, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu kwa wiki ili apate muda wa kulea. Alikata picha za kromosomu kwa mkasi, akazipanga jozi kwa jozi juu ya meza ya kulia chakula, huku watoto wakimtania kwamba analipwa kwa kuchezea wanasesere wa karatasi. Mwaka 1973, katika makala aliyoiandika peke yake kwenye jarida la Nature, alionyesha kwamba kipande cha kromosomu ya 22 kimehamia kwenye kromosomu ya 9.

Baadaye ilibainika kwamba uhamisho huo unaunganisha jeni mbili, BCR na ABL, na jeni hiyo mpya hutengeneza kimeng'enya kisichojizima, kinachoamuru chembe nyeupe zizaliane bila kikomo. Daktari Brian Druker na wenzake wakajaribu dawa ya kukizima, imatinibu. Mwaka 2001 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 54 waliopewa dozi ya kutosha, 53 damu yao ilirudi katika hali ya kawaida. Ripoti ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba asilimia 89 ya walioanza na dawa hiyo walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wagonjwa wa Kenya na Tanzania nao wameipata bila malipo kupitia mpango wa kampuni ya dawa ya Novartis na shirika la Max Foundation. Hakuna hata mmoja wao anayeingia katika hesabu ya marejeleo.

Hesabu hiyo ina upofu mwingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha saratani za mieloidi, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Blood, umerejelewa maelfu ya mara, kwani kila anayeandika kuhusu wagonjwa hao hulazimika kutaja uainishaji alioutumia. Ni kazi muhimu, lakini si ugunduzi. Ugunduzi ukishakuwa maarifa ya kila mtu, hakuna tena anayejali kumtaja mwenyewe, kama alivyoeleza mwanasosholojia Robert Merton. Fundi wa maabara anayeandika "Philadelphia chanya" kwenye cheti cha majibu hamrejelei Nowell wala Hungerford.

Marejeleo yana faida yake: humwonyesha msomaji kazi ipi imezaa kazi ipi, na hilo ndilo Garfield alilolikusudia. Kosa ni kuyageuza mizani ya kupimia watu. Kamati inayotaka kujua thamani ya mtafiti imwombe ataje makala zake tatu bora, kisha wajumbe wazisome wenyewe. Taarifa ya mwaka 1960 ingewachukua dakika mbili.