Kabla hujalipia akaunti ya dola 50,000, soma hii kwanza

Leo ni mada ya hela, maana naona vijana wengi pale kafe siku hizi wameng'ang'ania chati hadi wanasahau mpira.

Juzi dogo mmoja wa hapa hapa Msangeni kanifuata na laki tatu mkononi, hela ya kahawa ya babake. "Kaka, nataka kulipia ile akaunti ya dola elfu hamsini, nichukue kampuni gani?" Nikamwambia kaa chini kwanza. Mimi mwenyewe nimeshaunguza akaunti tatu za namna hiyo, na wala sikuibiwa. Sikusoma masharti, basi.

Tuanze mwanzo. Fyucha ni mkataba wa kununua au kuuza kitu siku za mbele kwa bei mnayokubaliana leo. Sisi Wapare tusijione wageni: kahawa inayoenda mnadani Moshi, bei yake inaangalia soko la New York, ambako mkataba mmoja wa arabika ni ratili 37,500, yaani kama tani 17. Bei ikisogea senti moja tu kwa ratili, mwenye mkataba kapata au kapoteza dola 375. Kwa laki tatu huingii hapo!

Ndipo zinapokuja kampuni za propu. Topstep ya Chicago na Apex ya Texas ni za fyucha, FTMO ya Prague ilijulikana kwa foreksi. Unalipa ada, unapewa mtihani, ukifaulu unapewa akaunti na mnagawana faida. Ila mtihani ni akaunti ya majaribio, na hata ukifaulu mara nyingi unaendelea na ya majaribio. Kwa hiyo ile 50,000 si yako. Kilicho chako ni kikomo cha hasara, tuseme dola 2,000.

Na hapo kwenye kikomo ndipo nilipoumia. Kuna kampuni ambazo kikomo kinapanda papo hapo na faida hata kabla hujafunga tredi. Piga hesabu: umeanza na 50,000, kikomo 48,000. Tredi ikapanda hadi faida ya 1,500, kikomo nacho kikapanda hadi 49,500. Bei ikageuka, ukawa umepoteza 500 tu... kwisha habari yako! Kampuni nyingine zinahesabu mwisho wa siku. Huko, kwa tredi ile ile, kikomo kingekuwa bado 48,000 na wewe ungekuwa hai. Kwa anayeanza, chagua ya mwisho wa siku hata kama ada imezidi kidogo.

Pili, jumlisha gharama zote. Ada ya mtihani ni ya mara moja au ya kila mwezi? Kuanza upya baada ya kuanguka ni bei gani? Ukifaulu, kuna ada ya kufungua akaunti? Punguzo la asilimia 80 linalotangazwa linaweza kuwa chambo tu.

Tatu, malipo. Je, Tanzania imo kwenye nchi wanazolipa? Hela inapitia njia gani, na kitambulisho chako kinakubalika? Angalia pia sharti la faida ya siku moja isizidi asilimia fulani ya faida yote. Wengi wanapata faida halafu wanakwama kutoa.

Nne, hela ya kuwalipa washindi inatoka wapi? Wakubwa wanaikumbuka DECI iliyosimamishwa 2009. Propu si upatu, lakini swali ni lile lile, maana ada za wanaofeli ni sehemu kubwa ya mapato. Agosti 2023 wasimamizi wa Marekani, CFTC, waliishtaki My Forex Funds wakidai ilikusanya ada za zaidi ya dola milioni 310 kutoka kwa wateja zaidi ya 135,000. Kesi ilifutwa 2025 baada ya mahakama kuwalaumu CFTC wenyewe, lakini kampuni ilikuwa imeshasimama tangu siku ya kwanza na wateja wakabaki wanahangaika. Kwa hiyo usiache faida ilale huko, toa mapema.

Tano, umeme na mtandao. Soko la hisa New York linafunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu, au kumi na moja na nusu kutegemea msimu. Ndo muda ambao mvua ikinyesha huku milimani umeme unaaga. Weka oda ya kukata hasara kabla ya kuingia, na anza na mikataba midogo: ile midogo ya S&P 500 ni dola 5 kwa pointi, ile ya kawaida ni 50.

Dogo alinuna, lakini hela ya mzee imerudi kununua mbolea. Sasa anafanya mazoezi ya bure, kikomo anakiandika mwenyewe kwenye daftari kila jioni. Wiki ya kwanza kaungua mara mbili! Akimaliza miezi miwili bila kukigusa, atalipia kwa hela yake ya bodaboda, si ya kahawa.

Wadau, nani kashawahi kulipwa na hawa jamaa? Karibuni tuelimishane.