Kizuri Chajiuza, Lakini Kamera Yauza Nini?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimewafundisha wanafunzi wangu methali hii kwa miaka mingi bila kuitilia shaka. Hivi majuzi, mpwa wangu anayeishi Bungoma amenilazimisha kuitazama upya.

Binti huyu anasomea ualimu. Alipokuwa akijiandaa kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, alihitaji koti la heshima la kuvaa mbele ya darasa. Katika simu yake aliona video ya mchuuzi wa mitumba wa Kitale. Mchuuzi aliligeuza koti mbele na nyuma penye mwangaza mzuri, akatamka kwa madaha, "Hii ni kamera tupu!" Mpwa wangu akatuma Sh1,800 kwa M-Pesa, sehemu ya nauli aliyowekewa na mamake. Kesho yake kifurushi kililetwa na matatu. Ndani mlikuwa na koti la rangi ile ile, ila kwapa limechanika na ukosi umechujuka. Alipopiga simu, haikupokewa.

"Mjomba," aliniambia kwa uchungu, "si nililiona kwa macho yangu mwenyewe?"

Swali hilo halijanitoka akilini. Tuanze na neno lenyewe. Wachuuzi wa mitumba nchini Kenya huziita "kamera" zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza robota linapofunguliwa. Zinazosalia chini, watu wakisha kuchagua, huitwa "fagia". Mpwa wangu basi alionyeshwa kamera kwa kamera, akaletewa fagia.

Nisieleweke kwamba naipinga biashara hii. Zamani mkazi wa Bungoma aliyetaka nguo ya Kitale hakuwa na budi kupanda gari, apite Webuye na Kiminini, na pengine arudi mikono mitupu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, fedha husafiri kabla ya mtu. Sasa bidhaa nazo husafiri kwa picha kabla ya kupakiwa. Nchini Uchina, kampuni ya Alibaba ilianzisha Taobao Live mwaka wa 2016, na uuzaji wa moja kwa moja kwa video ukawa biashara kubwa. Kwetu, simu moja humpa mwenye kibanda cha uchochoroni wateja ambao hata mwenye duka la barabara kuu angewaonea wivu.

Jumamosi moja nilisimama karibu na kibanda cha namna hiyo mjini Kitale. Mama mwenye kibanda alikuwa hewani, mara kwa Kiswahili, mara kwa Lubukusu, kulingana na mteja aliyeuliza. Alipima gauni kwa utepe na kutaja sentimita kwa sauti. Alipofika penye doa, aliisogeza simu: "Hapa pana alama, mwangalie vizuri msije mkanilaumu." Kisha akatangaza bei mbele ya wote. Hakumwambia mtu, "Njoo inboksi."

Mama huyu alikuwa akiitembeza bidhaa yake, nayo haikuwa mbaya. Methali yetu ilikulia katika soko ambamo mnunuzi alishika, akanusa, akavuta mshono. Video imetuachia jicho na sikio; mkono umebaki nyumbani. Kwa hiyo neno la muuzaji halina budi kuifanya kazi ya mkono wa mnunuzi. Muuzaji akitaja kipimo, kasoro na bei, amemkabidhi mnunuzi mkono wake. Akisema "kamera tupu" na kunyamaza, amemfunga mikono.

Sheria tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na habari azihitajizo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 nayo yakataza maelezo ya uongo. Lakini ni mwanafunzi yupi atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya Sh1,800?

Ndiyo sababu nawageukia walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017, unautaja ujuzi wa dijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Ujuzi huo si kubonyeza simu tu. Ileteni video ya biashara darasani, muichambue kama mnavyochambua kifungu cha ufahamu. Muuzaji amesema nini? Amenyamazia nini? Picha imekatwa wapi? Neno "bora" lina ushahidi gani? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo hataibiwa kwa urahisi, na akifungua kibanda chake, huenda akaona haya kuwaibia wengine.

Mpwa wangu alilipeleka koti kwa fundi, likashonwa kwapa, naye akaenda nalo darasani. Nauli iliyopungua ilimbidi mamake aitafute upya.