Fedha ya Ruzuku: Siku ya Tatu Ipe Jembe

 

Leo tuweke kando kidogo habari za mbegu na mbolea, tuzungumze habari ya fedha. Nina maana ile ruzuku inayotolewa mkononi kwa kaya maskini, kama ilivyofanywa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Huko vijijini nasikia maneno mawili. Wengine wanasema fedha hii inaleta uvivu. Wengine wanasema ni kidogo mno, haiwezi kubadili kitu. Basi tuitazame kwa macho ya mkulima: inabadili nini ndani ya nyumba, na inabadili kwa njia gani?

Kwanza tukumbuke kwamba sisi watu wa Tabora tulijua zamani mali inayotoka nje. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu na mizigo mingine katika njia ya misafara, kutoka Ujiji, kupita hapa Unyanyembe, kuvuka Ugogo hadi Bagamoyo. Sehemu kubwa ya ujira wao ilikuwa nguo. Mpagazi aliporudi na nguo zake alikuwa na njia mbili. Nguo iliyovaliwa ilichakaa. Nguo iliyobadilishwa kwa ng'ombe au mbuzi ilizaa. Ujira ulikuwa uleule, lakini nyumba hazikufanana.

Sasa tazama: majaribio ya ruzuku hii yalifanyika palepale kwenye njia ya misafara. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa Bagamoyo, Kibaha, na Chamwino huko Ugogo, na malipo yalianza mwaka 2010. Watafiti walifuatilia vijiji 80. Vijiji 40 vilipata fedha, vingine 40 havikupata kwa wakati ule, ili walinganishe. Kaya zilizopata fedha zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii. Watoto wao walipata viatu zaidi, na wale wadogo waliugua siku chache zaidi. Tena kaya hizo zilifuga mbuzi na kuku wengi kuliko zile ambazo hazikupata. Baada ya hapo, mwaka 2012, mpango ulianzishwa kwa nchi nzima, ukafikia kaya zaidi ya milioni moja.

Je, na pombe? Swali hilo huulizwa kila mahali. Mwaka 2014 wachunguzi wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kwa jumla hawakukuta kwamba watu waliopewa fedha walizidisha pombe au sigara. Mlevi mmoja wa kijijini anaweza kuonekana siku ya malipo, na watu wote wakamsema. Lakini mama aliyenunua unga na sabuni akaenda zake nyumbani, nani anamwona?

Ndugu mkulima, hebu sasa tuingie shambani. Tuchukue mwezi wa Januari. Mvua imekolea, mahindi yamefika magotini, na magugu nayo hayalali. Wakati huohuo ghala limekwisha. Michembe imekwisha, matobolwa yamekwisha. Mama hana unga. Atafanya nini? Atachukua jembe na kwenda kulima kibarua kwa jirani, apate debe la mahindi. Jirani atapaliliwa shamba lake kwa wakati. La mama litabaki msituni. Atakaporudi baada ya wiki mbili, mahindi yamekuwa ya njano na magugu yamewahi. Mwezi wa Mei atavuna kidogo, na Januari inayofuata njaa itamkuta palepale. Wengine hukopa gunia moja wakati wa njaa, wakalipa mawili wakati wa mavuno.

Huo ndio mzunguko wa umaskini. Mama huyu si mvivu. Pengine amefanya kazi kuliko sisi sote, ila amelima shamba la mwenzake. Basi fedha kidogo ikifika Januari, inanunua unga wa wiki chache, na unga ule unanunua siku za palizi katika shamba lake mwenyewe. Kitu kikubwa anachopata ni muda.

Tupige hesabu. Katika viwango vya mwanzo vya mpango wa nchi nzima, kila kaya ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi kama msingi. Kaya yenye watoto iliongezewa shilingi 4,000. Ikiwa na mtoto wa chini ya miaka mitano anayehudhuria kliniki, shilingi 4,000 nyingine. Kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, shilingi 2,000. Basi mama mwenye mtoto mchanga na wanafunzi wawili wa shule ya msingi alistahili shilingi 22,000 kwa mwezi. Kwa kuwa malipo yalipangwa kila baada ya miezi miwili, alitazamia shilingi 44,000 kwa mkupuo. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 38,000 kwa mwezi. Viwango hivyo vilirekebishwa baadaye, lakini somo halibadiliki: si fedha ya kutajirisha mtu. Ni fedha ya kuziba pengo.

Wenzetu wa Kenya wametupa somo jingine. Huko Rarieda, katika Siaya, kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilitoa fedha kwa kaya maskini. Wengine walipewa kidogo kidogo kila mwezi, wengine walipewa kwa mkupuo mmoja. Waliopata kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Waliopata kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu, kama mabati ya nyumba. Maana yake ni kwamba fedha inayokuja kidogo kidogo huelekea chunguni yenyewe. Ukitaka bati au mbuzi, ni lazima uikusanye kwa makusudi.

Basi ufanye nini malipo yakifika?

Kwanza, kaeni chini, baba na mama, mpange kabla ya siku ya malipo. Mara nyingi mama ndiye anayeandikishwa kupokea, kwa sababu yeye ndiye anayejua chungu kinataka nini. Baba asione amepokonywa nafasi yake.

Pili, malipo ya karibu na mvua yaende kwenye mbegu na jembe. Malipo ya wakati wa njaa yaende kwenye chakula, ili upalilie shamba lako ndani ya wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota.

Tatu, malipo yanayofika baada ya mavuno, wakati ghala lina kitu, ndiyo ya kuzalisha. Anza na mitetea mitatu na jogoo. Lakini kuku bila chanjo ni fedha iliyotupwa. Wapate chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, wakiwa bado wazima. Ungana na majirani mnunue kichupa kimoja.

Nne, ingia katika kikundi cha kuweka na kukopa. Hata hisa moja kwa wiki inakufundisha kukusanya.

Sasa nikuonye, maana sitaki kukudanganya. Malipo haya yanaweza kuchelewa. Kwa hiyo usikope dukani kwa kuyategemea, mwenye duka hangojei. Pia majina hupitiwa upya, na kaya inaweza kuondolewa. Na masharti yapo: mwanafunzi alitakiwa kuhudhuria shule angalau siku 80 katika kila 100 za masomo, na mtoto mdogo apelekwe kliniki. Usiyaone kuwa adhabu. Hata fedha ikikoma, mtoto aliyemaliza shule hanyang'anywi masomo yake.

Nawe ambaye hukuandikishwa, usimcheke jirani yako. Kaya hizi hutajwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu. Kama jina limeingia kwa upendeleo, na mjane wa kando ya mto ameachwa, mahali pa kusema ni hapohapo mkutanoni. Kunong'ona kilabuni hakumpi mjane unga.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fedha ya ruzuku ni mgeni. Siku ya kwanza mtayarishie chakula, watoto wale washibe. Siku ya pili mpeleke shuleni na zahanati. Siku ya tatu mpe jembe, afanye kazi shambani na bandani mwako. Siku atakapoondoka, na ipo siku ataondoka, akuache na kitu kinachozaa.

Nakutakia palizi njema, ndugu mkulima. Kwaheri, tuonane shambani.